Kukadiria Namba Nzima: Makumi Mangapi Yamo Ndani ya 347?

Mwalimu akiandika ubaoni namba 1,972 na kuwataka watoto wa darasa la nne waikadirie kwa kukaribia mamia, atakusanya madaftari yenye majibu ya kila namna. Wengi wataandika 2,000, na hilo ndilo jibu sahihi. Katika madaftari mengine, hata hivyo, atakuta 11,000, kwingine 1,000, kwingine 2,072, na mahali fulani atakuta 20 peke yake. Kwa kuwa wanafunzi ni wengi na kipindi ni kifupi, makosa haya yote husahihishwa kwa njia moja, yaani kurudia kanuni: tazama tarakimu iliyo kulia kwa nafasi unayoikadiria, ikiwa ni 5 au zaidi, ongeza moja, ikiwa ni 4 au pungufu, iache ilivyo, kisha jaza sifuri. Watoto wanaikariri upya, na wiki inayofuata makosa yanarudi yaleyale.

Yanarudi kwa sababu mtoto aliyeandika 11,000 ameifuata kanuni hiyo neno kwa neno. Ameitazama 7, ameona inazidi 5, ameongeza moja kwenye 9 akapata 10, ameiandika hiyo 10 mahali palipokuwa na 9, kisha akajaza sifuri mbili. Hakuna hatua aliyoiruka. Alichokosa ni kujua kwamba 9 ile ni mamia tisa, kwamba mamia tisa yakiongezwa mia moja huwa elfu moja, na kwamba namba iliyo chini ya elfu mbili haiwezi kukaribia elfu kumi na moja. Ni imani yangu, na makala hii yote imejengwa juu yake, kwamba kanuni hiyo ya kutazama kama tarakimu imefika 5 inapaswa kuja mwisho wa somo, baada ya mtoto kuzoea kuivunja namba kwa thamani ya nafasi zake na kujiuliza ina makumi mangapi, mamia mangapi au maelfu mangapi kwa jumla. Mtoto anayeweza kujibu swali hilo hahitaji kukariri karibu chochote.

Swali linaloulizwa hasa

Kukadiria kwa kukaribia si kukisia. Watu wawili wakiulizwa tenga lina maembe mangapi, mmoja anaweza kusema 80 na mwingine 100, na wote wakawa wamesema jambo la busara. Lakini anayetakiwa kukadiria 347 kwa kukaribia makumi ana jibu moja tu, kwa sababu swali lenyewe ni moja: katika namba zote tunazozipata tukihesabu kumi kumi, yaani 10, 20, 30 na kuendelea, ni ipi iliyo karibu zaidi na 347? Swali hili lina hatua mbili. Kwanza tunatafuta namba mbili za kumi kumi ambazo namba yetu iko kati yake. Kisha tunapima ni ipi kati ya hizo mbili iliyo karibu. Kanuni ya kukariri inarukia hatua ya pili na kuifumbia macho ile ya kwanza, ilhali hatua ya kwanza ndiyo inayobeba somo.

Hapo ndipo thamani ya nafasi inapoingia, na hapo ndipo panapohitaji uangalifu mkubwa. Ukimuuliza mtoto, "347 ina makumi mangapi?", karibu kila aliyefundishwa jedwali la mamia, makumi na mamoja atakujibu, "Manne." Kwa maana moja yuko sahihi, kwani tarakimu iliyo katika nafasi ya makumi ni 4. Lakini 347 ina makumi mengi kuliko hayo. Kila mia moja ni makumi kumi, kwa hiyo mamia matatu ni makumi thelathini, na ukijumlisha yale manne unapata makumi thelathini na manne, na mamoja saba yanabaki. Mambo haya mawili, yaani tarakimu inayokaa katika nafasi ya makumi na idadi ya makumi yaliyomo katika namba nzima, hayatenganishwi vya kutosha darasani, na kwa kukadiria tunahitaji lile la pili. Mtoto akishaona kwamba 347 ni makumi 34 na mamoja 7, hatua ya kwanza imekwisha yenyewe: namba iko kati ya makumi 34 na makumi 35, yaani kati ya 340 na 350.

Njia ninayoiamini kuliko zote ya kulionyesha hili ni vijiti, vilevile ambavyo watoto walivitumia kujifunza kuhesabu katika darasa la kwanza. Mwalimu aandae mafungu makubwa matatu, kila moja likiwa na mafungu madogo kumi ya vijiti kumi kumi yaliyofungwa kwa vipande vya mpira wa baiskeli, kisha mafungu madogo manne yaliyo peke yake, na vijiti saba vilivyo huru. Watoto wawili waitwe mbele wafungue yale mafungu makubwa, huku darasa likihesabu mafungu madogo yanayotoka: kumi, ishirini, thelathini, na yale manne, thelathini na manne. Vijiti saba vinabaki mezani. Sasa mwalimu aulize swali lililo kiini cha kukadiria: "Nataka mezani pabaki mafungu ya kumi tu, pasiwe na kijiti hata kimoja kilicho huru. Tufanyeje?" Watoto watatoa njia mbili. Tunaweza kuviondoa vijiti vyote saba, yakabaki mafungu 34. Au tunaweza kuomba vijiti vitatu zaidi, vikakamilisha fungu jingine, yakawa mafungu 35. Ni njia ipi inayoibadili namba yetu kidogo zaidi? Kuongeza vitatu ni badiliko dogo kuliko kuondoa saba. Kwa hiyo 347, ikikadiriwa kwa kukaribia makumi, ni 350.

Hapo hakuna aliyetaja tano, wala kulia na kushoto. Swali hilohilo likiulizwa kwa mafungu ya mia, watoto wanaona kwamba kuna mafungu makubwa matatu na vijiti 47 vilivyosalia, kwamba kuviondoa ni badiliko la 47 na kukamilisha fungu la nne kunahitaji vijiti 53, na kwamba kwa hiyo 347 kwa kukaribia mamia ni 300. Namba ileile imepandishwa katika swali la kwanza na kushushwa katika la pili, na mtoto ameona kwa macho kwamba hakuna mgongano wowote, maana kilichobadilika ni ukubwa wa fungu.

Darasa lenye watoto themanini au mia haliwezi kuwa na vijiti 347 kwa kila kikundi. Seti moja mezani kwa mwalimu inatosha kwa onyesho la kwanza, na baada ya hapo fedha zinaweza kuchukua kazi hiyo, kwa kuwa watoto wa mjini na wa vijijini wameshika sarafu ya shilingi 100 na noti ya shilingi 1,000. Mtoto aliyewahi kutumwa dukani anajua kwamba noti ya elfu moja hubadilishwa kwa sarafu kumi za mia. Ukimuuliza shilingi 1,900 ni sarafu ngapi za mia, atakuambia kumi na tisa bila kusita, na huku ndiko kuisoma 1,900 kama mamia 19.

Kuna jambo katika majina ya namba za Kiswahili ambalo mwalimu wa somo hili anafaa kulikumbuka. Mia tatu, elfu tano na milioni mbili ni majina yanayosema wazi ni mafungu mangapi na ya ukubwa gani. Makumi hayako hivyo. Ishirini, thelathini, arobaini, hamsini na themanini ni maneno yaliyotoka katika Kiarabu, na mtoto hawezi kusikia mbili ndani ya ishirini wala nne ndani ya arobaini. Ni katika sitini, sabini na tisini tu ndipo anaposikia sita, saba na tisa. Mtoto wa Rwanda anayesema makumyabiri, yaani ishirini, anasikia makumi na mbili ndani ya neno lenyewe. Kwa sababu hiyo ni vyema, katika siku za mwanzo za somo, darasa lihesabu kwa sauti makumi mawili, makumi matatu, makumi manne, hadi makumi kumi ambayo ni mia, na liendelee makumi kumi na moja, makumi kumi na mawili, bila kuishia kwenye mia. Kuvuka mia huku ukiendelea kuhesabu makumi ndilo zoezi litakalomfanya mtoto asishangae baadaye akisikia makumi 34.

Katikati, na kwa nini 5 hupanda

Baada ya vijiti huja mstari namba. Nauweka baada yake kwa makusudi, kwa kuwa mstari uliochorwa ubaoni unaonyesha umbali vizuri sana lakini hauonyeshi umetoka wapi. Mwalimu achore mstari mfupi, upande wa kushoto aandike 340, upande wa kulia 350, na katikati aweke alama ya 345. Watoto waitafutie 347 mahali pake. Mstari huo hauhitaji kuanzia sifuri wala kuwa na alama kumi. Unahitaji namba tatu tu, ya chini, ya juu na ya katikati. Kwa mamia, namba hizo ni 300, 400 na 350. Kwa maelfu, kama namba ni 2,446, ni 2,000, 3,000 na 2,500. Kutaja namba ya katikati kabla ya kuamua ni tabia njema kuliko zote katika kazi hii, na naishauri iandikwe daftarini kila mara mpaka iwe mazoea.

Sasa lipo swali ambalo mtoto makini atauliza, nalo linastahili jibu la kweli. Namba ikiwa katikati hasa, kama 345, iko karibu na lipi? Haiko karibu na lolote kuliko jingine. Umbali ni tano kwenda kila upande. Si kweli kwamba 345 iko karibu zaidi na 350, na mwalimu asiseme hivyo, kwa sababu mtoto anaweza kupima mwenyewe akaona si hivyo. Jibu sahihi ni kwamba watu wamekubaliana namba ya katikati ipandishwe. Katika takwimu, na katika hesabu za ndani za kompyuta, yapo makubaliano mengine, ambapo namba ya katikati hupelekwa kwa jirani ambaye idadi yake ya mafungu ni shufwa, yaani inagawanyika kwa mbili (345 huenda kwenye makumi 34), ili kupanda na kushuka kusawazike. Shuleni tunapandisha.

Hata hivyo makubaliano hayo yana sababu, nayo inapendeza ikielezwa. Chukua namba za kati ya 200 na 300 zinazokadiriwa kwa kukaribia mamia. Namba 250 iko katikati hasa, lakini 251, 252 na zote zinazofuata hadi 299 ziko karibu na 300. Tukikubaliana kwamba 250 nayo ipande, basi kila namba yenye 5 katika nafasi ya makumi inapanda, na tunaweza kuamua kwa kuitazama tarakimu hiyo moja tu bila kujali mamoja ni mangapi. Tungekubaliana kwamba 250 ishuke, tungelazimika kila mara kuchungulia mamoja ili kujua kama namba ni 250 kamili au imeizidi. Pia, tarakimu 0, 1, 2, 3 na 4 ni tano, na 5, 6, 7, 8 na 9 ni tano, kwa hiyo mgawanyo unakuwa sawa. Kanuni iliyoanza kama amri inaonekana hapo kuwa ni mukhtasari wa mambo ambayo mtoto ameshayaona, na huu ndio wakati wa kumpa, kwa kuwa sasa itamharakisha bila kumpofusha.

Makosa yale manne, na mengine

Turudi kwenye 1,972. Mtoto anayeisoma kama mamia 19 na 72 anaona kwamba iko kati ya mamia 19 na mamia 20, na kwa kuwa 72 imeizidi 50, anachagua mamia 20, yaani 2,000. Hapakuwa na 9 ya kugeuka 10, wala cha kubeba. Aliyeandika 1,000 alijua kwamba 9 na 1 ni 10, akaandika sifuri katika nafasi ya mamia na kuisahau ile elfu iliyozaliwa. Aliyeandika 2,072 alipandisha mamia vizuri lakini akayaacha mezani yale 72, kana kwamba vijiti vilivyoombwa vimeongezwa na vilivyokuwa huru bado viko huru. Na aliyeandika 20 peke yake, ambaye mara nyingi hupewa alama sifuri na maneno makali, yuko karibu na ukweli kuliko wenzake wote watatu: amepata idadi sahihi ya mamia na amesahau kusema kwamba ni mamia. Akiulizwa, "Ishirini nini?", atajisahihisha mwenyewe.

Swali hilo la "nini" ndilo linaloeleza pia sifuri zinazojazwa mwishoni. Watoto wengi huzichukulia kama pambo linaloongezwa kwa amri ya mwalimu. Mfumo wetu wa tarakimu tisa na sifuri, uliozaliwa India na kuelezwa kwa Kiarabu na al-Khwarizmi wa Baghdad katika karne ya 9, unaiachia nafasi peke yake kazi ya kusema ukubwa wa fungu. Sifuri mbili katika 2,000 inayotokana na mamia 20 zinashikilia nafasi za makumi na mamoja ili 20 isomeke kama mamia, na zinasema kwamba baada ya mafungu ya mia hakuna kilichobaki.

Mfano mzuri kuliko wote ninaoujua wa tarakimu 9 ni urefu wa Kilimanjaro, mita 5,895, ambao watoto wengi wa Tanzania wanaujua kwa moyo. Ukadirie kwa kukaribia makumi: ni makumi 589 na mamoja 5, iko katikati hasa, inapanda kwenda makumi 590, yaani 5,900. Ukadirie kwa kukaribia mamia: ni mamia 58 na 95, inapanda kwenda mamia 59, yaani 5,900 tena. Ukadirie kwa kukaribia maelfu: ni maelfu 5 na 895, inakuwa 6,000. Mtoto atauliza inawezekanaje makumi na mamia yakatoa jibu moja, na hilo ni swali la kufurahia. Maandishi ni yaleyale, lakini yanasema mambo tofauti. Anayesema 5,900 kwa kukaribia mamia anatuambia urefu uko popote kuanzia 5,850 hadi 5,949. Anayesema 5,900 kwa kukaribia makumi anatuambia uko kuanzia 5,895 hadi 5,904. Ndiyo maana jibu la kukadiria linapaswa daima kuandikwa pamoja na nafasi iliyotumika. Linganisha na Mlima Kenya, mita 5,199: kwa kukaribia maelfu ni 5,000, na milima hiyo miwili itaonekana kupishana kwa mita 1,000, ilhali tofauti yake ni mita 696.

Kosa jingine linatokana na namna tunavyozungumza. Tunasema namba "inashuka", na mtoto aliyeambiwa aishushe 43 anaandika 30, kwa sababu kushusha 4 ni kuifanya 3. Kwenye meza ya vijiti jambo hili haliwezi kutokea: yapo mafungu manne na vijiti vitatu huru, tunaviondoa hivyo vitatu, na mafungu yanabaki manne. Hakuna fungu lililoguswa. Ni afadhali kusema namba "inabaki kwenye makumi 4" kuliko kusema inashuka.

Kosa ambalo ni gumu kulikamata, kwa kuwa linafanywa na watoto hodari, ni kukadiria juu ya makadirio. Mtoto anatakiwa kukadiria 2,446 kwa kukaribia maelfu. Kwa kutaka kuwa mwangalifu anaanza na makumi na kupata 2,450, anaenda mamia na kupata 2,500, kisha maelfu na kupata 3,000. Kila hatua, ikitazamwa peke yake, ni sahihi. Lakini 2,446 ni maelfu 2 na 446, na 446 haijafika 500, kwa hiyo jibu ni 2,000. Umbali kwenda 2,000 ni 446 na kwenda 3,000 ni 554. Kila alipokadiria aliisogeza namba mbali kidogo na mahali pake pa kweli, na mwendo huo mdogo ukaivusha katikati. Katika kukadiria tunarudi daima kwenye namba ya asili na kuivunja mara moja tu, kwa nafasi iliyotajwa.

Na mtoto asiogope sifuri. Namba 37 kwa kukaribia mamia ni mamia 0 na 37, haijafika 50, jibu ni 0. Watoto wengi hukataa jibu hilo na kuandika 100, wakidhani haiwezekani kitu kikakadiriwa kuwa si kitu. Waulizwe wapime umbali: 37 kwenda sifuri, 63 kwenda mia.

Namba kubwa na matumizi yake

Mtoto akishaimudu njia hii kwa namba za tarakimu tatu na nne, namba kubwa hazina jipya, na kwa kweli ni rahisi zaidi, kwa kuwa tunavyozitamka tayari kunazivunja. Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 Tanzania. Ukiitamka namba hiyo unaanza na milioni sitini na moja, na kilichobaki ni 741,120, ambacho kimeizidi nusu milioni. Kwa kukaribia mamilioni ni 62,000,000. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilihesabu watu 47,564,296. Milioni arobaini na saba na 564,296, yaani 48,000,000.

Namba hizo za Tanzania zina somo la ziada. Bara walihesabiwa watu 59,851,347 na Zanzibar 1,889,773, na jumla yake ni ile 61,741,120. Zikadirie kwa kukaribia laki: Bara ni 59,900,000, Zanzibar ni 1,900,000, na jumla ya makadirio hayo ni 61,800,000. Lakini jumla halisi ikikadiriwa kwa kukaribia laki ni 61,700,000. Hakuna aliyekosea. Sehemu zote mbili zilipanda, kila moja kwa chini ya elfu hamsini, na nyongeza hizo mbili zikikutana zilitosha kufika laki nyingine. Mwanafunzi aliyelielewa hili atajua kwa nini jedwali gazetini wakati mwingine halijumliki sawasawa, na atajua kwamba katika hesabu ndefu tunakadiria mwishoni, baada ya kujumlisha.

Yako pia maswali ambayo kukadiria kwa kukaribia hakuyafai, na mtoto ayaone mapema. Tuchukue mzazi mwenye shilingi 10,000 anayetaka mafuta ya 2,400, sukari ya 3,300, unga wa 1,400 na mchele wa 3,200. Kwa kukaribia maelfu atajumlisha 2,000, 3,000, 1,000 na 3,000 na kupata 9,000, na ataenda kwa muuzaji akiwa na uhakika kwamba fedha zinatosha. Jumla halisi ni 10,300. Bei zote nne zilishuka, na makosa madogo manne yakakusanyika upande mmoja. Anayepanga matumizi hupandisha kila bei, au hutumia nafasi ndogo zaidi, kwa mfano mamia. Vivyo hivyo wanafunzi 130 wanaokaa watatu watatu wanajaza madawati 43 na mmoja anabaki, kwa hiyo madawati yanayohitajika ni 44, ingawa mgawo wa 130 kwa 3 uko karibu zaidi na 43. Na namba ya simu au namba ya mtihani haikadiriwi kabisa, kwa sababu haihesabu kitu.

Kuhusu upimaji, ningependa maswali kumi ya "kadiria namba zifuatazo" yapunguzwe hata kufikia matatu, na nafasi iliyobaki ipewe maswali ya kurudi nyuma, ambayo kanuni ya kukariri haiwezi kuyajibu peke yake. Waulizwe watoto namba ndogo kuliko zote na kubwa kuliko zote zinazokadiriwa kuwa 300 kwa kukaribia mamia. Watatafuta katikati ya 200 na 300, kisha katikati ya 300 na 400, na watapata 250 na 349. Wakishazoea, wapewe swali gumu kidogo: namba fulani nzima ikikadiriwa kwa kukaribia makumi ni 750, na ikikadiriwa kwa kukaribia mamia ni 700, inaweza kuwa namba zipi? Masharti ya kwanza yanataka namba kuanzia 745 hadi 754. Ya pili yanaikataa 750 na zote zilizo juu yake, kwa kuwa zimefika katikati ya mamia 7 na mamia 8. Zinabaki 745, 746, 747, 748 na 749.